Rada na kompyuta: Jinsi mwangwi wa mvua unavyoboresha utabiri wa hali ya anga

WAHENGA walisema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Wataalamu wa hali ya anga hawaupingi msemo huo, ila wanaongeza kwamba wingu pekee halisemi mvua itanyesha wapi hasa, itaanza saa ngapi na itakuwa ya kiasi gani. Majibu ya maswali hayo matatu ndiyo humwezesha mkulima kuanua mahindi yake kwa wakati, mvuvi kuahirisha safari, na mkazi wa bondeni kuhama kabla mto haujavunja kingo zake.

Kwa miongo mingi, kazi ya kuyajibu maswali hayo imegawanywa baina ya vyombo viwili. Cha kwanza ni rada, ambayo huiona mvua inayonyesha sasa lakini haijui itakuwaje baadaye. Cha pili ni modeli ya kihesabu, yaani programu ya kompyuta inayokokotoa mwenendo wa hewa kwa kufuata kanuni za fizikia. Modeli huweza kukadiria yajayo, lakini mara nyingi huanza kazi bila habari kwamba dakika hiyo hiyo kuna dhoruba inayomwaga maji mahali fulani.

Makala haya yanaeleza jinsi vyombo hivi viwili vinavyounganishwa, faida inayopatikana, mipaka yake, na maana ya jambo hilo kwa eneo la Afrika Mashariki ambako rada bado ni chache.

Rada huionaje mvua?

Rada za hali ya anga zilizaliwa katika Vita vya Pili vya Dunia. Wanajeshi waliokuwa wakitafuta ndege za adui walisumbuliwa na madoa yaliyojitokeza kwenye skrini zao, na ikabainika kuwa madoa hayo yalikuwa mvua. Baada ya vita, kilichokuwa kero kwa mwanajeshi kikawa chombo cha mtabiri.

Antena ya rada hutuma mawimbi ya redio kwa mikupuo mifupi, kisha husikiliza. Mawimbi yakigonga matone ya mvua, sehemu ndogo sana hurudi kama mwangwi. Kwa kuwa mawimbi hayo husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, mwangwi kutoka umbali wa kilomita 150 hurejea baada ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Muda huo ndio unaoonyesha umbali wa mvua, na nguvu ya mwangwi hudokeza wingi wake.

Tunasema hudokeza kwa sababu rada haipimi maji moja kwa moja. Nguvu ya mwangwi hutegemea kipenyo cha tone kikipandishwa hadi kipeo cha sita. Tone lenye kipenyo cha milimita 2 lina maji mara 8 ya tone la milimita 1, lakini mwangwi wake una nguvu mara 64. Kwa hivyo mvua ya matone madogo mengi na mvua ya matone makubwa machache huweza kutoa mwangwi uliolingana ilhali kiasi cha maji kinachofika ardhini ni tofauti kabisa.

Mwaka 1948, watafiti Marshall na Palmer wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada walichapisha maelezo ya jinsi matone ya ukubwa mbalimbali yanavyogawanyika katika mvua. Kazi hiyo ingali msingi wa kugeuza mwangwi kuwa milimita za mvua kwa saa, ingawa kila mtabiri anafahamu kwamba makadirio hayo hukosea.

Rada zimeboreshwa mara mbili kwa njia kubwa tangu wakati huo. Kwanza zilipewa uwezo wa Doppler, yaani kutambua iwapo matone yanasogea kuelekea antena au yanaipa kisogo, na kwa kasi gani. Kwa njia hiyo rada hupima upepo ulio ndani ya mvua. Pili, zilianza kutuma mawimbi yaliyolala na yaliyosimama kwa pamoja. Tone kubwa linapoanguka huwa bapa kidogo, wakati jiwe la mvua hubingirika ovyo. Tofauti ya mwangwi wa mawimbi hayo mawili husaidia kutenga mvua ya maji, mvua ya mawe, ndege na wadudu. Marekani, yenye mtandao wa rada zipatazo 160 uitwao NEXRAD, ilikamilisha uboreshaji huo mwaka 2013.

Modeli ni nini?

Wazo la kutabiri hali ya anga kwa hesabu lilitolewa na mwanasayansi wa Norway, Vilhelm Bjerknes, mwaka 1904. Alisema kwamba anayejua hali ya hewa ilivyo sasa, na kanuni zinazoibadilisha, anaweza kukokotoa itakavyokuwa.

Mwingereza Lewis Fry Richardson alijaribu kufanya hesabu hiyo kwa mkono na kuchapisha matokeo mwaka 1922. Alikadiria jinsi mgandamizo wa hewa ungebadilika katika muda wa saa 6 mahali pamoja barani Ulaya, akapata badiliko la vizio takriban 145 vya hektopaskali, kiasi ambacho hakijawahi kuonekana duniani. Kosa halikuwa katika kanuni. Vipimo alivyoanzia havikuwa vimesawazishwa, na kasoro ndogo za mwanzo zikazaa jibu la ajabu. Hilo ndilo somo la kwanza la fani hii: modeli nzuri ikianzishwa vibaya hutoa utabiri mbaya.

Hesabu ya kwanza kwa kompyuta ilifanywa Marekani mwaka 1950 kwa mashine iitwayo ENIAC, na kundi la Jule Charney na John von Neumann. Leo modeli huigawa anga katika visanduku vingi, na kwa kila kisanduku hukokotoa halijoto, unyevu, mgandamizo na upepo, hatua kwa hatua.

Ukubwa wa visanduku hivyo una maana kubwa. Dhoruba ya radi huweza kuwa na upana wa kilomita chache tu. Modeli yenye visanduku vya kilomita 10 au zaidi haiwezi kuiona dhoruba moja moja, na hulazimika kukisia athari zake kwa jumla. Visanduku vikipungua hadi kilomita 4 au chini ya hapo, modeli huanza kuziumba dhoruba zenyewe, na hapo ndipo data ya rada inapoweza kuifaa hasa.

Tukio la Boscastle

Umuhimu wa jambo hili ulidhihirika alasiri ya Agosti 16, 2004 katika kijiji cha Boscastle, kaskazini mwa jimbo la Cornwall, Uingereza. Upepo kutoka baharini ulikutana na upepo wa nchi kavu kwenye mstari uliofuata pwani. Dhoruba zikawa zinazaliwa pale pale, moja baada ya nyingine, na kumwaga maji juu ya mabonde yale yale.

Kituo cha Otterham kilicho karibu kilipima milimita 200 za mvua, nyingi zikiwa zilinyesha kwa muda wa saa tano hivi. Mto ulifurika ukasomba zaidi ya magari 100, na watu wapatao 100 wakaokolewa kwa helikopta. Hakuna aliyekufa, jambo lililowashangaza wengi.

Modeli iliyokuwa ikitumika Uingereza wakati huo ilikuwa na visanduku vya kilomita 12, na haikuweza kuonyesha mafuriko ya namna hiyo mahali padogo hivyo. Wataalamu walipoirudia hesabu kwa modeli ya majaribio yenye visanduku vya takriban kilomita moja, mvua kubwa ilijitokeza karibu na pale iliponyesha. Boscastle ikawa hoja thabiti ya kujenga modeli za visanduku vidogo na kuzilisha habari za karibu zaidi, zikiwemo za rada.

Pengo la saa chache

Kabla ya kuunganisha rada na modeli, watabiri walikuwa na njia mbili zilizotengana.

Njia ya kwanza ni kuzitazama picha za rada zinavyofuatana na kuisogeza mvua mbele kwa kasi na mwelekeo ule ule. Njia hiyo ni sahihi sana kwa nusu saa au saa moja, kisha ubora wake hushuka haraka. Sababu ni kuwa dhoruba moja ya radi mara nyingi haidumu hata saa nzima. Inayoonekana sasa itakuwa imekufa, na nyingine itakuwa imezaliwa mahali ambapo rada haikuona chochote.

Njia ya pili ni kuingojea modeli. Nayo ina udhaifu wake. Ikianzishwa bila mawingu yaliyopo, huhitaji saa kadhaa za hesabu kabla haijaumba mvua yake yenyewe, mithili ya jiko la makaa linalochelewa kushika moto. Kwa mtu anayetaka kujua kama mto utajaa jioni ya leo, saa hizo ndizo zenye thamani kuliko zote.

Hivyo pakawa na pengo baina ya saa ya kwanza, ambayo rada inaimudu, na ile ya sita hivi, ambapo modeli imekwisha kuchangamka. Mafuriko ya ghafla hutokea ndani ya pengo hilo. Kuiingiza data ya rada katika modeli ni jitihada ya kuliziba.

Kwa nini si kazi rahisi?

Mtu angedhani inatosha kuchukua mvua iliyoonwa na rada na kuiandika ndani ya modeli. Waliojaribu walikuta kwamba maji hayo huanguka chini kwa dakika chache na kutoweka, kisha modeli hurejea ilikokuwa.

Sababu ni kwamba mvua ni matokeo. Chanzo chake ni hewa yenye joto na unyevu inayopaa. Modeli ikiwa na matone lakini haina hewa inayopaa chini yake, mvua hiyo haina mzizi. Ugumu ni kwamba rada huona matone na upepo unaoyabeba, ilhali modeli inahitaji pia halijoto na unyevu, mambo ambayo rada haiyapimi moja kwa moja. Lazima mtaalamu arudi nyuma kutoka kwa matokeo hadi chanzo.

Mbinu ya joto fiche

Mbinu iliyoenea zaidi hutumia ukweli mmoja wa fizikia. Mvuke unapogeuka kuwa matone ya maji, huachilia joto lililokuwa limefichika ndani yake. Kila kilo moja ya mvuke hutoa takriban jouli milioni 2.5.

Si joto dogo. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya kilomita moja mraba, huwa imeshuka maji ya tani 10,000. Joto lililoachiliwa wakati wa kuyaumba matone hayo linalingana na yuniti zipatazo milioni 7 za stima, kwa kipimo kile kile kinachotumika kwenye mita za nyumbani. Joto hilo ndilo linaloisukuma hewa ipae zaidi na kuipa dhoruba uhai.

Kwa hivyo, badala ya kuongeza maji, wataalamu huongeza joto. Kompyuta hulinganisha mvua ya modeli na ile ya rada kila mahali. Rada ikionyesha milimita 10 kwa saa ambapo modeli ina 5, joto fiche la modeli katika eneo hilo huongezwa maradufu. Hewa hupaa, unyevu huvutwa kutoka kandokando, na modeli huiumba mvua kwa nguvu zake yenyewe. Modeli ikiwa na mvua ambapo rada haioni kitu, joto hupunguzwa na wingu hufifia. Mipaka huwekwa ili marekebisho yasipite kiasi na kuzusha dhoruba za uongo.

Watafiti Jones na Macpherson wa idara ya hali ya anga ya Uingereza walichapisha maelezo ya mbinu hiyo mwaka 1997. Ujerumani iliitumia katika modeli yake ya visanduku vya kilomita 2.8, iliyoanza kazi rasmi Aprili 2007 na kupokea picha za mtandao wa rada za nchi hiyo kila baada ya dakika 5.

Marekani ilifuata njia inayokaribiana na hiyo. Modeli yake iitwayo HRRR, iliyoanza kutumika rasmi Septemba 2014, ina visanduku vya kilomita 3 na huanzishwa upya kila saa. Kabla ya kila utabiri, modeli hiyo hupitishwa katika saa moja ya matayarisho ambapo data ya rada hutumika kila dakika 15 kurekebisha joto ndani ya mawingu.

Mbinu za takwimu

Mbinu ya pili haianzi na joto, bali na swali hili: Ni hali gani ya hewa inayoafikiana vyema na vipimo vyote kwa pamoja, yaani rada, setilaiti, ndege, maputo na vituo vya ardhini?

Katika mkondo mmoja, kompyuta hurekebisha hali ya mwanzo ya modeli mara kwa mara mpaka utabiri wake wa muda mfupi ulingane kadiri inavyowezekana na vipimo vilivyochukuliwa katika kipindi hicho. Uingereza imekuwa ikifanya hivyo kila saa tangu mwaka 2017 kwa modeli yake ya visanduku vya kilomita 1.5. Kituo cha Ulaya cha Utabiri wa Muda wa Wastani, ECMWF, ambacho modeli yake hutazama dunia nzima, kilianza kutumia data ya mvua kutoka rada za Marekani mwaka 2011.

Katika mkondo mwingine, modeli huendeshwa kwa nakala nyingi zinazotofautiana kidogo. Ujerumani, ambayo ilianza mfumo huo mwaka 2017, hutumia nakala 40. Nakala zote zenye mvua kubwa mahali fulani zikiwa pia na unyevu mwingi upande wa kusini mwake, kompyuta hujifunza uhusiano huo. Rada ikiiona mvua, modeli hujua kwamba yafaa kuongeza unyevu kusini, ingawa hakuna aliyeupima. Kwa njia hiyo mwangwi wa tone moja husema jambo kuhusu hewa isiyo na matone.

Nakala hizo zina faida nyingine. Zikitofautiana kidogo, mtabiri ana imani zaidi. Zikitawanyika, anajua kuwa lazima aseme kwa uwezekano, wala asitoe kauli ya mkato.

Rada ikidanganya

Data mbovu ikiingizwa katika modeli huharibu utabiri kuliko kukosa data kabisa. Ndiyo maana kazi kubwa katika fani hii ni kuisafisha.

Tatizo la kwanza ni umbo la dunia. Mwale wa rada huenda karibu sawasawa ilhali ardhi inajipinda chini yake. Mwale ulioinuliwa kwa nusu digrii huwa takriban kilomita 1.5 juu ya ardhi ukifika umbali wa kilomita 100, na kilomita 4 hivi ukifika kilomita 200. Mvua inayoumbika chini ya kimo hicho haionekani.

Milima huukinga mwale na kuacha kivuli nyuma yake. Theluji inayoyeyuka ndani ya wingu hutoa mwangwi mkali unaofanana na mvua kubwa. Baadhi ya rada, hasa zile za mawimbi mafupi zaidi, hudhoofishwa na mvua kubwa iliyo karibu hata zisiione iliyo nyuma yake. Makundi ya ndege, wadudu na mitambo ya kuzalisha umeme kwa upepo huleta mwangwi ambao hauna uhusiano wowote na mvua.

Wataalamu hupambana na hayo kwa kulinganisha rada jirani, kutumia mawimbi ya aina mbili yaliyotajwa hapo juu, na kuoanisha makadirio na vipima mvua vya ardhini. Kipima mvua, hata kiwe cha kawaida kiasi gani, ndicho huisahihisha rada. Nchi inayonunua rada na kuacha vipima mvua vyake vichakae huwa imejipunja.

Faida hudumu kwa muda gani?

Faida ya data ya rada huonekana zaidi katika saa za mwanzo, kisha hupungua. Kwa kawaida huwa imefifia sana baada ya saa 6 hivi. Siku ambapo mvua inaletwa na mfumo mpana wa hali ya anga, huweza kudumu zaidi. Siku ya dhoruba zilizotawanyika, huisha mapema. Edward Lorenz alionyesha mwaka 1963 kwamba tofauti ndogo za mwanzo hukua hadi kuutawala utabiri wote, na katika dhoruba ndogo ukuaji huo ni wa haraka mno.

Kuipima faida yenyewe kulihitaji fikra mpya. Modeli ikiiweka mvua kilomita 5 kutoka iliponyesha, hesabu ya zamani iliiadhibu mara mbili: kwa kukosa mvua ilipokuwapo, na kwa kuiweka isipokuwapo. Modeli isiyotabiri mvua yoyote ingepata alama bora. Mwaka 2008, Nigel Roberts na Humphrey Lean wa Uingereza walipendekeza kipimo kinacholinganisha sehemu ya eneo iliyopata mvua badala ya kulinganisha nukta kwa nukta. Kipimo hicho humwonyesha mtabiri ni upana gani wa eneo ambao modeli inaweza kuaminiwa.

Hilo lina maana kwa mwananchi. Utabiri bora zaidi wa leo hauwezi kuahidi kwamba mvua itanyesha katika mtaa fulani saa tisa na nusu. Unachoweza kusema ni kwamba katika bonde fulani, ndani ya saa tatu zijazo, uwezekano wa mvua ya hatari ni mkubwa.

Hali ilivyo Afrika Mashariki

Takwimu za Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, zilizonukuliwa sana mwaka 2023 zilionyesha kuwa Afrika nzima ilikuwa na rada 37 za hali ya anga, ikilinganishwa na 291 za Amerika Kaskazini na 345 za Ulaya. Tena si kila rada iliyosajiliwa hufanya kazi kila siku. Gharama ya rada moja hufikia mamilioni ya dola, na baada ya kuinunua kuna stima isiyokatika, kinga dhidi ya radi, vipuri na wahandisi wa kuitunza kwa miaka mingi.

Mahali panapoonyesha haja hiyo waziwazi ni Ziwa Victoria. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu, na mvua hunyesha milimani. Usiku mwelekeo hugeuka. Pepo za nchi kavu kutoka pande zote hukutana juu ya maji yenye joto, na dhoruba kali huzuka usiku wa manane hadi alfajiri, saa zile zile ambazo wavuvi wengi wako kazini. Hukadiriwa kuwa maelfu ya watu hufa ziwani kila mwaka, sehemu kubwa yao kwa sababu ya dhoruba.

Kati ya mwaka 2017 na 2021, mradi uitwao HIGHWAY, ulioongozwa na WMO na kufadhiliwa na Uingereza, ulizikutanisha Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda ili kuboresha tahadhari kwa wavuvi na wasafiri. Data ya rada ya Mwanza nchini Tanzania ilitumiwa kuchunguza jinsi dhoruba za ziwa zinavyozaliwa na kusafiri.

Lakini rada moja haiwezi kulitazama ziwa lenye ukubwa wa takriban kilomita mraba 68,800. Kutoka Mwanza hadi Kisumu ni zaidi ya kilomita 300 kwa mstari ulionyooka. Kwa umbali huo, mwale wa nusu digrii huwa umepita juu zaidi ya kilomita 8 angani. Ungeweza kugusa kilele cha dhoruba kubwa, lakini usingejua kinachotokea karibu na mawimbi ambako mtumbwi uko. Dhoruba haiheshimu mipaka ya nchi, kwa hivyo rada za nchi moja huwa na manufaa kamili tu ikiwa data yake inawafikia majirani ndani ya dakika chache.

Kwa sasa, modeli nyingi zinazotumika kulitabiria eneo hili huanzishwa kwa kutegemea setilaiti na vituo vichache vya ardhini. Setilaiti huona vilele vya mawingu, wala si mvua iliyo chini yake. Hata hivyo kuna tumaini. Setilaiti ya kizazi kipya cha Meteosat, iliyorushwa Desemba 2022, hupiga picha ya Ulaya na Afrika kila baada ya dakika 10 na hunasa miale ya radi. Kwa kuwa penye radi pana hewa inayopaa kwa nguvu, data ya radi huweza kuingizwa katika modeli kwa mbinu inayofanana na ile ya joto fiche. Modeli ya HRRR ya Marekani hutumia radi kwa namna hiyo pale rada isipofika. Haitachukua nafasi ya rada, lakini ni heri kuliko modeli kuanza kazi gizani.

Utabiri pekee hautoshi

Mafuriko ya Julai 2021 nchini Ujerumani yanatoa onyo la mwisho. Nchi hiyo ina mtandao kamili wa rada na modeli zilizoelezwa katika makala haya. Dalili za mvua kubwa zilionekana siku kadhaa kabla, na tahadhari zikatolewa. Hata hivyo zaidi ya watu 180 walikufa, wengi wao katika bonde la mto Ahr usiku wa Julai 14 kuamkia 15. Wengi hawakupata amri ya kuhama kwa wakati, au hawakuelewa maana ya milimita zilizotangazwa.

Kenya nayo iliomboleza katika mvua za masika ya mwaka 2024, ambapo karibu watu 300 walikufa kote nchini. Mkasa wa Mai Mahiu, usiku wa kuamkia Aprili 29, uliwaua zaidi ya watu 50, baadhi yao wakiwa wamelala. Mvua ya msimu huo ilikuwa imetangazwa. Kilichokosekana katika mikasa ya aina hii si kujua kwamba mvua itanyesha, bali ni kujua bonde lipi, usiku upi, na kuwa na mtu wa kubisha mlangoni.

Swali la bonde lipi na usiku upi ndilo ambalo rada iliyounganishwa na modeli inaweza kulijibu kwa saa chache kabla. Hili la kubisha mlangoni linabaki kazi ya serikali za kaunti, machifu, redio za mashinani na majirani. Nchi inayopanga kununua rada yafaa ipange bajeti ya vyote kwa pamoja: mtambo, fundi wa kuutunza, kompyuta ya kuitumia data yake, na njia ya kuufikisha ujumbe kwa anayelala kando ya mto.